Kodi ya Fardosa

Chepchumba alishuka Bungoma siku hiyo akiwa amevaa kwa vita: gauni la manjano lililombana kiunoni, viatu vya kisigino, midomo myekundu, na mkononi simu yenye ule ujumbe uliomharibia asubuhi. Mzigo wake kutoka China ulikuwa umefika na hapo hapo ukazuiliwa. Atoe ushahidi wa bei, ujumbe ulisema, kisha alipe ushuru. Ushuru! Na kule mtandaoni aliponunua waliandika kwa herufi kubwa kwamba usafirishaji ni bure. Bure gani hiyo?

Ofisi ya kuchukulia mizigo ilijaa mpaka mlangoni. Watu walishika vitambulisho, watoto walilia, stempu ziligongwa. Chepchumba alipofika kwenye kaunta alikuwa na maneno ya kutosha wilaya nzima.

"Madam, mzigo umeshikwa," Edinah, mama wa kaunta, alimwambia kwa mara ya tatu. Hata hakuinua macho.

"Umeshikwa kwani umeiba nini? Ni gauni la harusi! Mimi nakodisha magauni kule Kitale, na kuna bibi harusi ananingoja."

Nyuma yake mtu akacheka. Chepchumba aligeuka kama aliyechomwa na sindano. Kijana mrefu alisimama hapo, bahasha za kaki kwapani, shati la bluu limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono imesimama yenyewe.

"Unacheka nini?"

"Si wewe, dada. Nacheka hii karatasi." Alionyesha fomu iliyokuwa juu ya kaunta. "Muuzaji ameandika ni zawadi, thamani dola tano. Gauni lenye shanga kifua kizima, dola tano? Hata wewe ungekuwa afisa wa forodha ungeanguka kwa kiti."

"Aliandika hivyo kunisaidia!"

"Akakuponza. Ukitangaza thamani ndogo, mzigo unashikwa. Wanachukua bei ya kweli, wanaongeza nauli ya kuuleta, hapo wanapiga ushuru. Halafu VAT inapigwa juu ya yote, hata juu ya huo ushuru."

"Yaani nalipa ushuru wa ushuru?"

"Umeelewa haraka kuliko wengi." Alitabasamu, na Chepchumba alikasirika zaidi kuona kwamba tabasamu lenyewe ni zuri. "Naitwa Wekoye. Kazi yangu ni hii, kuwatolea watu mizigo. Una risiti uliyonunulia?"

"Iko kwa simu."

"Basi twende hapo nje, kuna mahari pametulia, tuitoe kopi."

"Kuna nini?"

"Mahari pametulia. Pale karibu na—"

"Mahari! Bana, tumejuana dakika tano na umeshafika kwa mahari?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Hata Edinah aliinua macho. Wekoye alishika kichwa, akacheka naye.

"Ma-ha-li," akasema taratibu. "Tusamehe, sisi watu wa huku. Hizo herufi mbili, l na r, tunaazimana kama majirani na chumvi."

Gauni lilitoka siku ya pili. Chepchumba alilipa ushuru wake akinuna, lakini alirudi Kitale na namba ya Wekoye. Tusidanganyane, alijua vizuri kwamba hakuichukua kwa ajili ya mizigo.

Walianza na salamu, wakaingia kwa utani, na kabla ya mwezi kwisha simu ikawa haitoki sikioni.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekura."

"Umepiga kura? Kwani leo kuna uchaguzi?"

"Nimekula, we mwanamke! Nimekula ugali!"

Jumapili baada ya kanisa Wekoye alikuwa anapanda Kitale, na kila mara alikuja na kuku wa kienyeji kutoka soko la Chwele, mzima, miguu imefungwa kwa kamba. Chepchumba aliwahi kumuuliza kwa nini hamletei maua kama wanaume wengine. Wekoye alifikiri kweli kweli, kisha akasema, "Maua unapika na nini?" Chepchumba alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini katikati ya magauni meupe, na hapo ndipo alipojua amependa. Ilimtia hofu. Mwanamume aliyekuwa naye kabla ya Wekoye alikuwa na maneno matamu vivyo hivyo, kumbe kwa miaka miwili alikuwa anamlipia msichana mwingine kodi ya nyumba, mtaa wa pili tu kutoka dukani. Kitale nzima ilijua isipokuwa yeye.

Basi miezi minne ikapita vizuri. Halafu akaja Fardosa.

Alikuja Jumanne, mvua ikinyesha, baibui lake jeusi limetiwa nakshi za dhahabu mikononi, harufu ya udi ikamtangulia mlangoni. Mrembo, mwenye sauti ya pole. Alikuwa ametoka Bungoma kumtafutia dada yake gauni. Chepchumba alimpokea, akamwonyesha hili na lile, na wakiwa bado wanapima, simu ya Fardosa ikaita.

"Wallahi mimi siku hizi sisumbuki," alimwambia mwenzake wa upande wa pili. "Kodi yangu yote analipa Wekoye. Yule kijana wa mashati yaliyonyooka, ee, huyo huyo. Nampigia tu, analipa, halafu tunaonana. Hana maneno mengi, mashallah."

Utepe wa kupimia ulimtoka Chepchumba mkononi.

Fardosa alipoondoka, Chepchumba alifunga mlango akapiga simu huku amesimama.

"Mpenzi!" Wekoye akaitika. "Nilikuwa tu nakuwaza."

"Unamjua mtu anaitwa Fardosa?"

"Fardosa? Sana! Huyo ni wangu wa siku nyingi."

"Unamlipia kodi?"

"Kila mwezi."

"Kila mwezi, Wekoye?"

"Akizidiwa hata mara mbili."

"Na unaniambia hivyo bila aibu?"

"Aibu ya nini sasa? Kwani ni yeye peke yake? Kuna mwingine kule Kamukuywa, Chwele wako wawili, na kuna mama mmoja mchungaji—"

"Mchungaji!"

"Huyo halali mpaka nimlipie. Lakini wote ni watu wazuri, wananipatia changu kidogo, hatusumbuani. Chep? Si nilikuambia hii ndiyo kazi yangu?"

"Basi fanya kazi yako," Chepchumba akasema, na akakata. Akaizuia ile namba. Kisha akakaa sakafuni, akalia kilio cha mtu anayelia mara ya pili kwa jambo lile lile.

Wewe unayesoma umeshashika kichwa. Lakini mwonee huruma kidogo. Ujumbe ulikuwa umemwambia ushuru, Edinah alimwambia ushuru, Wekoye mwenyewe siku ile alimwambia ushuru. Kodi, kwa Chepchumba, ilikuwa kitu kimoja tu duniani: nyumba, na mwanamke aliyewekwa ndani yake. Na Wekoye naye, masikini, aliulizwa kwa neno la Fardosa akajibu kwa neno la Fardosa. Hakuna aliyedanganya hata kidogo, na mambo yakaharibika.

Wekoye alipanda Kitale Jumapili iliyofuata. Chepchumba alimwona kwa dirisha, akatia kufuli kwa ndani, akajibanza nyuma ya magauni huku amejishika mdomo. Aliusikia mlango ukigongwa, kisha jina lake, kisha kimya. Alipofungua baada ya saa nzima alikuta kuku amefungwa kwenye kitasa, anamwangalia. Jumapili ya pili ikawa hivyo hivyo. Jumapili ya tatu hakukuwa na mtu wala kuku, na hiyo ndiyo iliyomuuma kuliko zote mbili. Hao kuku hakuwachinja. Aliwafuga nyuma ya duka, akawa anawagombeza kila asubuhi kwa makosa ya mtu mwingine.

Kazi lakini haingoji moyo upone. Nanyama, binti mmoja wa Kitale, alikuwa anaolewa Jumamosi, na gauni lake, jeupe lenye mkia mrefu, lilikuwa limeagizwa tangu siku zile za raha, Wekoye akiandikishwa kuwa ndiye wa kulitoa. Chepchumba hakujua limefikia wapi. Jumatano Edinah mwenyewe akapiga simu: mzigo umefika, aje auchukue.

Alhamisi asubuhi Chepchumba alikuwa kwenye kaunta, na mara hii hakuvaa kwa vita. Alivaa sweta ya kijivu na raba, nywele amefunga kitambaa, pesa za ushuru amezikunja mkononi. Alikuwa ameomba njia nzima asikutane na mtu fulani, na alipoingia macho yake yakamtafuta mtu huyo huyo kila kona.

Edinah aliusukuma mzigo juu ya kaunta. "Weka sahihi hapa."

"Ushuru ni ngapi?"

"Hakuna. Kodi yako ameshalipa Wekoye."

Chepchumba alidhani amesikia vibaya. "Amelipa nini?"

"Kodi yako. Tangu juzi."

"Edinah, mimi nyumba yangu iko Kitale! Kodi nalipa mwenyewe kila tarehe tano! Nani amemtuma alipe kodi ya nyumba yangu?"

Edinah alimwangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Nyumba gani tena, dada? Kodi ya gauni." Aligeuza karatasi, akaweka kidole juu ya mstari. Ilikuwa imeandikwa waziwazi, ushuru wa forodha, VAT, ada, na chini kabisa: jumla ya kodi zilizolipwa. "Wengine wanasema ushuru, wengine kodi. Pesa ni ile ile."

Chepchumba aliisoma ile jumla mara mbili.

"Fardosa," akasema polepole. "Huyu Fardosa wa Bungoma. Kodi yake ni ya nini?"

"Mabaibui. Anaagiza Dubai kila mwezi, anauza pale karibu na msikiti. Wekoye anamtangulizia kulipa, akiuza anamrudishia na chake kidogo."

"Na wa Kamukuywa?"

"Viatu."

"Wa Chwele?"

"Mmoja nywele za bandia, mmoja mashine ya kutotoa vifaranga."

"Na mama mchungaji?"

"Majoho ya kwaya. Huyo akichelewa kulipiwa anapiga simu usiku kucha. Kwani unataka kuandika kitabu?"

Chepchumba akaketi kwenye benchi, mzigo mapajani. Alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka akaendelea kuyaacha yatoke, kwa sababu kitu kizito alichokibeba kifuani wiki tatu kilikuwa kimeshuka chote kwa mara moja. Hana nyumba. Wekoye wake hana nyumba ya mtu yeyote! Ana majoho ya kwaya tu.

Aliifungua ile namba, akapiga. Iliita mara moja tu.

"Chep?" Sauti ilikuwa ya tahadhari.

"Niko Bungoma."

"Mahari gani?"

"Mahali pale pale," akasema.

Bodaboda ilimshusha Wekoye mlangoni kabla robo saa haijaisha. Chepchumba alimwona shati kwanza. Lilikuwa limekunjamana mgongo mzima, halijaona pasi kwa siku kadhaa, na hilo lilimwambia zaidi ya barua.

"Nilidhani ni kodi ya nyumba," akasema upesi, kabla hajapoteza ujasiri. "Fardosa alisema unamlipia kodi, nikakuuliza, ukasema ndio. Ukaniongezea wengine wanne!"

Wekoye alisimama akihesabu kichwani. Taratibu uso wake ukafunguka. "Ulidhani nina nyumba tano?"

"Na mojawapo ya mchungaji."

"Uwii! Mimi huyu? Na hii kazi nitaifanya saa ngapi?" Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaketi kando yake. "Nilikuja mara mbili, Chep. Nilijua uko ndani. Nilikuwa nauona mkono wako katikati ya hayo magauni. Ungeniuliza tu."

"Niliogopa jibu. Nisamehe. Nilishaumizwa na hiyo kodi mara moja, nikajua imerudi."

"Na kuku wangu?"

"Wako hai. Mmoja ametaga."

Hapo Wekoye akamshika mkono, na wakakaa hivyo, watu wakiwapita na mizigo yao, hakuna aliyejali kitu. Chepchumba alihisi anaweza kulala usingizi pale pale kwenye benchi.

"Halafu gauni hili," akasema, akigonga mzigo. "Nimekufungia simu, na bado ukalilipia?"

"Harusi ya Nanyama ni Jumamosi. Bibi harusi amekosa nini?" Akakohoa kidogo. Akashusha sauti. "Chep, Jumamosi ile ingine nataka kuja kwenu, kule kijijini Kwanza. Nataka kuongea na mzee juu ya mahari."

"Mahali si shida," Chepchumba akasema, ameshazoea kumtafsiri. "Nitakuelekeza. Ukishuka Kwanza unapita kinu cha kusaga mahindi, unaingia kushoto, unauliza kwa—"

"Chep."

"—nyumba ya mabati ya kijani, kuna mbwa lakini haumi—"

"Chepchumba. Leo sijakosea." Jasho lilikuwa limemtoka kipajini. "Nimefanya mazoezi kwa bodaboda njia yote mpaka yule dereva akaniuliza kama niko sawa. Ma-ha-ri. Sikusema mahali. Nimesema mahari."

Stempu ya Edinah ilibaki hewani. Foleni nayo ikasogea karibu, maana hakuna siri katika ofisi ile. Chepchumba aliangalia lile shati lililokunjamana na yule mwanamume aliyekuwa ndani yake, na hakukumbuka ni kitu gani hasa alichokuwa anakiogopa.

"Baba yangu ni mkali kuliko watu wa forodha," akasema mwishowe. "Ukifika pale ukatangaza thamani ya dola tano, mzigo utashikwa."

"Nitatangaza yote."

"Na nyumba tutakayokaa? Kodi yake nani atalipa?"

Wekoye akamgeukia, uso wote umecheka. "Hiyo? Hiyo sijawahi kumlipia mwanamke yeyote. Muulize Edinah."

"Ni kweli," Edinah akasema kutoka kwenye kaunta. "Risiti zote niko nazo."

"Basi utaanza na mimi," Chepchumba akamwambia.