Bomba Lililopasuka Kilimani

Kila alasiri, wenzake waliposhikana mikono kwenda uwanjani, msichana mmoja aligeukia njia ya dampo. Mama yake alikuwa fundi wa mtambo wa umeme kule, na nyumba yao ilipakana na ua wa mtambo huo. Darasani walimwita Binti Jalala. Walimzibia pua hata siku alizooga mara mbili.

Dampo lilikuwa limefukiwa zamani, likaota nyasi, likawa kilima. Mabomba meusi yalikusanya gesi ya taka zilizooza chini na kuipeleka kwenye mtambo wa umeme. "Tukiiacha ipae, inaongeza joto duniani," mama alizoea kusema. "Tukiichoma hapa, inatuwashia taa."

Kwa kukosa mwenzi, msichana alicheza kuruka mabomba, akijishangilia mwenyewe. Siku hiyo mguu ulitua juu ya kiungo cha bomba. Kah! Kikapasuka, gesi ikafoka kama paka aliyekanyagwa mkia. Akakifukia kwa udongo, akatimua mbio nyumbani.

Mama alirudi amekunja uso. "Mtambo unakohoa tu. Gesi inavuja mahali. Hujaona kitu kule juu, mwanangu?"

"Sijaona, mama."

Mama akachukua kipimo chake cha gesi, akatoka tena. Msichana akabaki na sahani, akitazama nje. Mara, dirishani, akamwona mzee mlinzi wa mtambo akipanda kilima, sigara mdomoni, akipapasa kiberiti mfukoni.

Alitoka mbio bila viatu. "Babu, usiwashe! Gesi! Nimevunja bomba!"

Kiberiti kikamponyoka mzee. "Basi," akasema, "leo nimeacha sigara rasmi."

Mama alisikia kelele, akaja, akafunga vali ya kuzuia gesi bombani. Gesi ilipokwisha kutawanyika, akamtazama binti yake. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaninunia." Machozi yakamtoka. "Ukininunia na wewe, sina mwingine wa kuongea naye."

Mama akampa spana, wakafunga kiungo kipya pamoja, na kabla ya giza mtambo ukanguruma sawasawa. Ndipo akamvuta ubavuni.

"Ningekasirika, ndiyo. Lakini hasira ya mama hupoa, mwanangu. Moto usingetungoja. Kosa liseme lingali bichi. Ukilificha unabaki nalo peke yako, na hakuna upweke unaoushinda huo."