Koti Zuri Siku ya Mayai

"Amevaa koti zuri," Zabaleta alinong'ona kwenye kola ya shati lake.

Sauti ya mkuu wake ikamjia sikioni kutoka Buenos Aires.

"Rudia."

"Koti la sufi, jipya. Na buti zimepigwa rangi. Ni yeye, mkuu. Nahir Quilodrán ndiye mbebaji."

"Zabaleta, umenitoa kikaoni kwa sababu ya koti?"

Mkuu hakuwa mtu wa Bariloche, mji wetu wa theluji kusini mwa Argentina, ndiyo maana aliuliza. Hapa kwetu mwanafunzi anayetetea tasnifu yake ya mwisho huja amevaa matambara. Akifaulu, mlangoni anangojewa na ndugu na marafiki wenye mayai, unga, siki na haradali, na watamvurumishia vyote mpaka mama yake ashindwe kumtambua. Hata Julai, theluji ikiwa magotini. Hakuna mwenye akili anayevaa koti jipya siku hiyo, isipokuwa yule ambaye hana mpango wa kutokea mlango huo.

Zabaleta aliyajua haya vizuri. Alisoma fizikia miaka miwili katika taasisi hiihii ambayo leo alikuwa amekaa ukumbini mwake, mpaka mtihani wa sumakuumeme ulipomtema. Hakuna aliyewahi kumtupia yai. Sasa alikuwa jasusi mwenye bastola ya Bersa kwapani na kamera ya Nikon shingoni isiyopiga picha, iliyojaa antena tupu. Na bado jambo lile lilimuuma.

"Usimguse," mkuu akasema. "Tunamtaka mnunuzi."

Mnunuzi alikuwa safu ya mbele, miguu ameikunja nne. Alijiita Profesa Holub, mgeni kutoka Taasisi ya Kessberg huko Ulaya. Alikuja tangu Machi kutoa mihadhara na kuwaahidi vijana nafasi za uzamivu. Alichokifuata hasa ni fuwele moja iliyokuzwa katika maabara ya ghorofa ya pili, saizi ya kipande cha sukari. Ukiiweka ndani ya leza, inachambua urani, madini ya nyuklia. Inayochambua kwa ajili ya umeme inachambua pia kwa ajili ya bomu, na watu wa mabomu hulipa haraka.

Ubaoni, Nahir alikuwa akimalizia. Binti wa dereva wa gari la kufagia theluji, mwembamba, mikono imejaa chaki. Aliongea bila kutazama karatasi. Profesa Ofelia Iriarte, msimamizi wake, alimsikiliza akiwa na glavu mikononi, kwani jengo lile halikuwa na gesi ya kuwashia hita tangu Mei. Serikali yetu ilikosa hela ya gesi. Hela ya kumpangia Zabaleta hoteli yenye mandhari ya ziwa ilipatikana siku hiyohiyo.

"Kumi," Profesa Iriarte akatangaza, akamkumbatia.

Alama ya juu kabisa. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

"Rebora, hali?" Zabaleta akauliza.

Rebora, mwenzake, alikuwa ndani ya gari, Duster ya kijivu, mbele ya lango. "Wapo kama thelathini, wamejaa unga. Baba mtu yupo mbele kabisa na trei ya mayai. We Zaba, nikitoka humu wananipaka na mimi."

"Hatatokea hapo. Zunguka nyuma."

Hakukosea. Nahir aliaga kwamba anakwenda chooni, akapitia maabara, akashuka ngazi za dharura. Mkononi alikuwa na boksi la chokoleti lenye utepe mwekundu. Hilux nyeupe ilimngoja huku injini ikiunguruma. Holub alikuwa ameshashika usukani.

Mlango ukafungwa. Hilux ikaruka.

Sekunde chache baadaye Zabaleta alikuwa ndani ya Duster, Rebora akikanyaga mafuta. Barabara ya ziwani kuelekea mpaka wa Chile ilikuwa nyeupe tupu.

"Ana minyororo ya theluji kwenye matairi?" Zabaleta akauliza.

Rebora akakaza macho. Akacheka. "Hana. Mgeni huyo."

Kona ya kwanza Hilux iliyumba. Kona ya pili ikatupa mkia pembeni. Kwenye mteremko wa tatu ilizunguka kama pia, ikagonga ukingo wa theluji na kunyamaza.

Holub alitoka na Glock.

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha Duster. Zabaleta alikuwa ameshajitupa nje. Alibingirika, akapiga goti, akashusha pumzi.

Bersa ikakohoa mara moja.

Glock ikaanguka. Holub akaushika mkono wake, akatukana kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Rebora akamfunga pingu, akamfunga na jeraha, akamsukumia garini.

Zabaleta akalifungua boksi la chokoleti. Katikati, ndani ya karatasi ya dhahabu, ilikuwepo fuwele.

Nahir alikuwa amekaa kwenye ukingo wa theluji. Hakukimbia. Koti lilikuwa limechanika begani.

"Ulijua unachokibeba?" Zabaleta akamuuliza.

Alijua. Hakuona haja ya kudanganya. Aliomba ufadhili wa uzamivu hapahapa nchini, akakataliwa. Akaomba tena, akakubaliwa, kisha akaarifiwa kwamba wote waliokubaliwa hawatalipwa. Profesa Iriarte akaenda mwenyewe mpaka Buenos Aires kumpigania, akarudi na mafua. Holub alimwahidi miaka minne, maabara yenye joto, na jina lake kwenye mlango. Alitaka kitu kimoja tu.

"Kessberg haipo, binti," Zabaleta akasema. "Tulituma mtu. Ni ghala la matairi. Hakuna uzamivu wowote uliokungoja huko."

Nahir akalitazama ziwa. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Mmenifuatilia tangu lini?"

"Machi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Magari matatu, kwa zamu."

"Basi mafuta mliyochoma kunifuata yangenisomesha, kaka." Aliongea polepole, bila kupandisha sauti. "Nimebisha hodi kwenu miaka miwili. Hakuna aliyetoka hata kuniuliza nataka nini. Nimechukua kijiwe kimoja, mmekuja mbio na bunduki."

Zabaleta alimchukia Holub, akamchukia mkuu, na kwa kitambo kidogo akajichukia mwenyewe. Simu ikalia.

"Fuwele?" mkuu akauliza.

"Ninayo."

"Mnunuzi?"

"Hai. Tumemfunga."

"Na msichana?"

Zabaleta akasogea kando, akamgeuzia binti mgongo. "Ametapeliwa, mkuu. Ana kumi ya leo asubuhi. Tukisema alikuwa mtego wetu, nani atabisha?"

"Ameiba mali ya taifa. Mlete."

"Mkuu..."

"Mlete, Zabaleta."

Akatoa pingu. Nahir akanyoosha mikono bila kuambiwa. Chaki ilikuwa bado kwenye kucha.

"Baba yangu bado yuko mlangoni?" akauliza.

Rebora akapiga redio kwa mlinzi wa zamu langoni. Jibu likaja katikati ya kelele za upepo: mzee bado amesimama. Wengine wameanza kuondoka, yeye amekataa. Anasema binti yake ana aibu, atatoka tu, na mayai ni ya kuku wake mwenyewe.

Hapo ndipo Nahir alipolia. Alilia kwa sauti, bila kujificha uso, mpaka Rebora akashuka garini na kumshika bega.

Mchana huo gari la kijeshi liliwachukua Nahir na Holub, likaelekea uwanja wa ndege. Zabaleta akapanda mpaka maabara ya ghorofa ya pili. Profesa Iriarte alikuwa peke yake, amevaa koti na glavu zilezile. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu. Zabaleta akaiweka fuwele mezani mbele yake.

Profesa hakuigusa.

"Unajua hii inatumikaje?" akauliza.

"Hapana, profesa."

"Mimi najua nusu. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, kazi yote aliifanya yeye. Nusu iliyobaki iko kichwani mwake. Ndiyo aliyotaka kuiandika kwenye uzamivu."

"Hakuna mwanafunzi mwingine?"

"Nani angebaki?"

Simu ya Zabaleta ikatetema mfukoni. Ujumbe wa mkuu: operesheni imefaulu, mali ya taifa imeokolewa, hongera. Aliusoma, akaufuta. Akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akafunga zipu ya jaketi, akashuka ngazi bila haraka, mtu aliyemaliza kazi.

Juu, nyuma yake, akasikia droo ikisukumwa, kisha ufunguo ukigeuka.