Dirisha la Chumba cha Hadubini

Jua la Novemba huko Göttingen, Ujerumani, halina adabu. Alasiri tu limeshakwenda zake. Giza lilikuwa linaingia Gesine alipokwenda maabara kuzibadilishia chakula seli za binti yake.

"Bado tu, shoga?" Wiebke, mwenzake wa kazi, alikuwa anavaa koti. "Picha haijatakata?"

"Ina ukungu kidogo. Nikiuondoa huo, nakwenda nyumbani."

"Kila siku wimbo huo huo! Haya, mie njaa inaniuma."

Binti huyo, Merle, alikufa Februari, mtoto wa miaka sita. Madaktari walikuwa wamekata kipande cha ngozi yake kutafuta ugonjwa, na seli zile zilikuwa bado hai kwenye kisahani, ziking'aa kijani chini ya mwale wa leza. Gesine hakubakiwa na kingine. Alitaka kuziona vizuri, basi. Mama gani asingetaka?

Alikipunguza kitundu cha hadubini kinachochuja mwanga. Kitundu kikiwa kidogo, picha hukolea ukali, ingawa giza nalo huongezeka. Mwale ukaanza kuchora, mstari kwa mstari.

Ukungu ule ule.

Akasogeza uso. Mistari ilikuwa imepinda... ikipanda, ikishuka, ikitulia. Kisha ikipanda tena kwa shida.

Meza haikutikisika. Lifti, ambayo hulitikisa jengo, ilikuwa imezimwa.

Mwendo ule wa pumzi aliujua. Alikuwa akilala akiusikiliza, sikio kifuani pa mtoto.

Hiii... haaa...

Sauti ilitoka nyuma ya hadubini. Harufu ya dawa ya kifua, ile ya mkaratusi, ikajaa chumbani.

"Merle?"

"Mama... taa inachoma."

Akalitazama dirisha. Kwao mtu akikata roho, dirisha hufunguliwa roho ipate njia. Asubuhi aliyokufa Merle, muuguzi alinyoosha mkono kulifungua, na Gesine akaupiga. "Usifungue! Mtoto atapata baridi!" Halikufunguliwa. Na la chumba hiki halifunguliwi kamwe, maana upepo huharibu picha.

Akaizima leza upesi. "Nimezima, mwanangu. Kaa na mama. Kaa tu."

"Nimechoka, mama."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Gesine alilia kwa sauti, kisha akafungua dirisha.

Upepo ulikuwa unaingia, lakini pazia lilitoka nje. Pumzi ikakoma. Kwenye skrini, leza ikiwa imezimwa, picha ikajichora yenyewe, safi kuliko zote, kila ukingo wa seli ukionekana. Halafu seli zikafifia moja moja hadi pakawa peusi.

"Nenda, mama'angu," alinong'ona.

Kisha, kutoka nje gizani...

"Mama... huku baridi."

Asubuhi Wiebke alimkuta amesimama pale pale dirishani, midomo imekuwa ya buluu. Alikuwa amevua sweta lake na kulinyoosha nje kwa mikono miwili.

"Gesine! Funga, utaganda!"

"Sss... ngoja, shoga," alisema bila kugeuka. "Ameshavaa mkono mmoja."