Buji Iliyotobolewa

Katika mtaa wa Nyakasanza, mjini Bunia, aliishi fundi mmoja jina lake Tharcisse. Alitengeneza majiko ya primusi na taa za mafuta sokoni. Mkewe aliitwa Agathe. Walikuwa na binti mmoja, Faida, mwenye umri wa miaka miwili. Ulikuwa mwaka wa 1983.

Kila asubuhi Agathe aliteka maji katika pipa lililosimama kwenye kona ya nyumba. Wakati wa mvua, pipa lilijaa maji ya paa. Wakati wa kiangazi, Agathe alikwenda mtoni kuchota, akalijaza. Pipa halikuwa na kifuniko. Jua lilipiga ndani yake kutwa nzima, na hakuna aliyeona ubaya wowote.

Maji ya kunywa waliyamimina katika chujio. Ndani ya chujio ulisimama mshumaa wa udongo mweupe, ambao watu wa Bunia huuita buji. Maji hupenya polepole katika udongo huo, na uchafu hubaki nje. Walinunua chujio hilo mwaka uliotangulia, Faida alipoharisha mpaka akabaki mifupa. Muuguzi wa zahanati aliwaambia mtoto asinywe tena maji yasiyochujwa. Wakatii. Faida akanona, akaanza kuwafukuza kuku wa jirani.

Kiangazi kikaja. Maji ya pipa yakawa ya kijani, na kuta zake zikawa na utelezi. Kisha chujio likaanza kuwachosha.

"Tangu asubui, kikombe moja tu," Agathe alilalamika. "Hii filtre haipitishe maji tena."

Tharcisse alifungua chujio, akatoa buji. Weupe wake haukuonekana. Ilikuwa imefunikwa na utando wa kijani, mzito, wenye kuteleza.

"Imeziba," alisema. "Wacha. Hii ni kazi yangu."

Sasa sikiliza vizuri, msomaji. Tharcisse hakuwa mjinga. Kwa miaka kumi alikuwa anazibua majiko. Jiko la primusi lina tundu dogo, na tundu hilo likiziba, fundi hulichoma kwa sindano, moto ukawaka tena. Ni kazi ya dakika moja. Basi aliitazama buji kwa macho yale yale ya fundi wa majiko. Akachukua chuma chembamba chenye ncha, akakizungusha kwa uangalifu mpaka kikapenya. Alitoboa matundu matatu, karibu na kitako.

Maji yakashuka mbio. Chombo cha chini kilijaa kabla sombe, mboga ya majani ya muhogo, haijaiva jikoni.

"Kumbe niliolewa na fundi ya kweli," Agathe alisema, akacheka.

Jirani yao Kanyere akasikia. Alikuwa mama mjane, akimlea mjukuu wa miezi tisa. Alikuja na buji yake imefungwa katika kitambaa.

"Baba Faida, na yangu iko vile vile. Unisaidie."

Tharcisse akaitoboa. Siku ya pili wakaja wengine. Kabla ya Jumapili alikuwa ametoboa buji za nyumba sita, na yake ya saba. Alifanya bure, kwa moyo mweupe. Mimi niliyeandika hadithi hii, nilipohadithiwa jambo hilo mara ya kwanza, niliomba nirudiwe hesabu. Niliogopa sana.

Siku kumi na mbili hazikupita. Faida alianza kutapika, kisha akaharisha maji matupu. Kufikia mchana macho yake yalikuwa yamezama. Agathe alimfunga mgongoni, akakimbia naye zahanati, Tharcisse nyuma yake.

Muuguzi alimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Huku akinywesha, akauliza.

"Mutoto anakunywa maji gani?"

"Ya filtre tu," Agathe alijibu. "Kila siku."

"Na ile filtre inapita polepole?"

"Hapana, siku hizi inapita mbio sana. Baba yake aliitengeneza."

Mkono wa muuguzi ulisimama. Alimpa Agathe kijiko aendelee, akatoka nje kumwita Lucien. Huyu Lucien alikuwa fundi wa maji wa zahanati ile. Alisikia maneno mawili tu, akachukua baiskeli yake.

"Twende nione hiyo filtre," alimwambia Tharcisse.

Nyumbani, Lucien alijaza beseni maji. Alichomoa buji, akaizamisha, akaacha mdomo wa buji, yaani kishina ambamo maji yaliyochujwa hutokea, peke yake juu ya maji. Kisha akapuliza kidogo katika mdomo huo.

"Kama buji ni muzima, nikipuliza polepole hivi, hakuna kitu kitatoka," alisema. "Angalia."

Mapovu yalitoka katika mistari mitatu, upesi upesi, bila kukatika.

"Hii tundu tatu, nani alitoboa?"

"Ni miye," Tharcisse alisema. "Nilitaka maji ipite."

"Maji ilipita, Baba Faida. Na mikrobe yote, bidudu bya ugonjwa, ilipita pamoja nayo."

Tharcisse aliinamia beseni. "Lakini maji ilikuwa safi. Nilikuwa naiona."

"Mikrobe haionekane na macho. Sikia. Primusi iko na tundu moja. Buji iko na tundu maelfu, dogo sana, jicho haiwezi kuona. Maji inapita, mikrobe inabaki inje. Ile tundu yako ni mulango. Umeifungulia mikrobe mulango."

"Na ile kijani yenye ilifunga buji?"

Lucien alimpeleka kwenye pipa. Akatumbukiza mkono, akautoa ukiwa na utelezi wa kijani.

"Hii ni majani ya mu maji, dogo sana. Mu bitabu banaiita mwani. Inapenda maji yenye kusimama, tena inapenda jua. Hapa umeipa yote mbili, inazaana tu. Ukimimina hii maji mu filtre, mwani inalala juu ya buji kama bulangeti, maji inakosa njia. Buji yako haikukuwa na ugonjwa. Ilikuwa inafanya kazi yake."

Tharcisse alikaa chini, pale pale kwenye udongo. Aliinua mikono yake. Aliitazama kama mikono ya mtu asiyemjua.

"Fundi Lucien," alisema, "nilitoboa zingine sita."

Lucien akauliza ni za nani. Tharcisse alimkumbuka mjukuu wa Kanyere, akainuka, akakimbia.

Kanyere alikuwa uani, amempakata mtoto, kikombe kikiwa karibu na mdomo wake. Tharcisse hakupiga hodi. Alikitwaa kikombe, akamwaga maji.

"Baba Faida, umepata wazimu?"

"Mama Kanyere, niliharibu filtre yako. Ile tundu inaleta ugonjwa. Faida iko ku zahanati kwa sababu yangu."

Kanyere alirudi nyuma hatua moja. Alimkumbatia mjukuu wake kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Na miye nilikuamini," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Bengine umebaambia?"

"Naenda sasa."

"Ngoya basi." Alimfunga mtoto mgongoni. "Tunaenda wote. Weye peke yako batakufukuza."

Walipita nyumba zote tano zilizobaki. Katika moja Tharcisse alitukanwa. Katika nyingine walikuta watoto wawili wanaumwa tumbo, nao wakapelekwa zahanati jioni ile ile. Kila mahali alisema maneno yale yale, na kila mahali Kanyere alisimama kando yake.

Kesho yake Lucien aliwakusanya majirani. Aliwaambia wachemshe maji ya kunywa mpaka yatokote, kila siku, mpaka buji mpya alizoagiza zitakapofika. Kisha wakamwaga maji ya kijani, wakasugua mapipa yote na kuyahamishia kivulini. Tharcisse alikata mabati, akatengeneza kifuniko kwa kila pipa. Maji ya mtoni wakaanza kuyapitisha kwanza katika kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kabla ya kuyatia katika chujio.

"Na kama buji itapunguza mwendo tena?" Kanyere aliuliza.

"Unaitoa," Lucien alisema. "Unasugua polepole na brosi laini, mu maji yenye ilichemka. Hapana sabuni. Hapana sindano, hapana musumari. Na kama imepasuka, haitengenezwe. Unaweka ingine."

Faida alirudi nyumbani siku ya nne. Wale watoto wawili walipona pia, na mjukuu wa Kanyere hakuugua. Buji mpya zilifika kutoka Butembo baada ya wiki tano. Kiangazi kilichofuata, maji ya mapipa yalibaki meupe, na hakuna mtoto wa nyumba zile aliyelazwa kwa kuhara.

Lakini tangu siku ile, Faida akiinua kikombe cha maji, baba yake huacha kazi aliyoshika. Humtazama mpaka amalize.

"Papa, unaangalia nini?" Faida humwuliza.

"Kunywa, mama," Tharcisse humjibu. "Kunywa tu."