Jini wa Ghorofa ya Arobaini na Moja

"Mimi? Mimi ndiye niliyeleta balaa? Chetezo kiko mkononi mwako, Mama Nasriya, ubani ni wako, moshi ni wako, na bado kidole unaninyooshea mimi!"

"Nakunyooshea wewe kwa sababu huna dogo, Bi Kidawa! Jini limemkalia mwanangu leo siku ya nne. Ulitaka nifanyeje? Nilipigie vigelegele?"

"Ungenigongea mlango, tukae, tushauriane."

"Nikugongee wewe, ghorofa sitini zijue kabla ya magharibi?"

Hilo Bi Kidawa alijua ni kweli tupu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, mjane, msusi mstaafu, na hakuna posa wala talaka iliyopita katika jengo lile bila kupitia kwanza kwenye kibaraza chake. Lakini kweli hiyo haikuwafungulia mlango. Wote wawili walikuwa wamenaswa.

Mnara wa Tatu wa Tandale Juu ulikuwa na pua. Kila ghorofa, kwenye dari, kulikuwa na vitone vya kioo vilivyonusa hewa na kupeleka habari kwa ubongo wa jengo, mashine isiyolala wala kusamehe, na isiyojua tofauti ya ubani na nyumba inayoungua. Mama Nasriya alikuwa ametoka na chetezo kufukiza kizingiti, kama alivyofundishwa na mamake: anza na mlango, ndipo uingie ndani. Makaa hayajashika sawasawa, ubongo ukashusha mapazia ya chuma pande zote mbili za ukumbi. Ukaifunga lifti. Ukaufunga na mlango wa Bi Kidawa, aliyekuwa ametoka kwa kanga moja kuuliza kunani. Kisha sauti tamu ya kike ikatangaza: "Wapendwa wakazi, mko salama. Wakaguzi watafika baada ya muda wa saa tano. Tafadhalini, msipumue kwa nguvu."

Ukumbi ule wa ghorofa ya arobaini na moja ulikuwa hatua kumi na mbili, ukuta kwa ukuta, hauna hata tundu la dirisha. Mlango mmoja tu ungeweza kufunguka, ule wa nyumba ya Mama Nasriya, kwa kuwa mtu aliye ndani hana budi aachiwe njia ya kutoka. Lakini komeo lilikuwa upande wa ndani, na aliyelisukuma alikuwa Nasriya mwenyewe, mara tu mamake alipoweka mguu nje.

"Saa ngapi sasa?" Mama Nasriya aliuliza, sauti ikiwa imeanza kukatika.

"Saa tisa na nusu."

Mama Nasriya akakiweka chetezo chini, akaketi sakafuni kando yake, akajifunika uso kwa mtandio. "Basi mwanangu amekwisha. Saa kumi anabonyeza kidole."

"Anabonyeza kidole wapi?"

"Kwenye kitabu."

Ndipo Bi Kidawa alipojua kwamba jini lililokuwa likisemwa halikutoka mibuyuni. Lilitoka kwenye kitabu-pumzi.

Nani asiyevijua vitabu hivyo? Kila msichana wa mjini alikuwa nacho, karatasi moja nyembamba kama ngozi ya kitunguu, unaikunja unaitia kwenye sidiria. Ukikishika, kinasikiliza pumzi yako na mapigo ya kidoleni, na kwa kadiri moyo unavyokwenda ndivyo kinavyoandika ukurasa unaofuata. Ukichoka, hadithi inakimbia. Ukishtuka, inapunguza mwendo ili uonje. Hadithi zenyewe zilikuwa za aina moja: mahaba ya kijini. Msichana asiye na lake, katika chumba kidogo, anatokewa na mwana wa mfalme wa majini, mwenye miaka mia saba na uso wa kijana wa ishirini, ambaye katika malimwengu yote amemwona yeye tu. Mwisho haukuwapo. Mashine ilikuwa imegundua zamani kwamba moyo ulioridhika hukifunga kitabu.

Na kwa wale waliosoma kupita kiasi, kampuni ya Nyumba ya Zumaridi ilifungua Kasri. Huko wasichana walilala safu kwa safu wakisoma macho yamefumbwa, wakilishwa kwa mrija, na mapigo yao yakifundisha mashine namna ya kuwapata wengine. Kibali kilikuwa kuanzia miaka kumi na tano. Hakukuwa na saini ya mzazi. Saa iliyotangazwa inafika, jini anauliza, "Utakuja?", msichana anabonyeza kidole, na kapu la kuruka linashuka dirishani.

"Binti wa Mama Tausi wa ghorofa ya kumi na saba yuko huko mwaka wa pili," Mama Nasriya alisema kutoka nyuma ya mtandio. "Anamwona Jumapili, kwenye kioo. Anasema mtoto anatabasamu tu. Anatabasamu, Bi Kidawa! Hata ukilia hapo mbele yake."

Bi Kidawa akainuka, akaugonga mlango kwa kiganja. "Nasriya! Mjukuu wangu!"

Kutoka karibu kabisa, kana kwamba mtoto ameegemea mbao zilezile: "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Fungua, mwanangu. Mamako anakufa hapa nje."

"Mama hafi. Mama ana hasira."

"Vyote ninavyo!" Mama Nasriya alipaza sauti. "Siku ya nne hujala! Huyo jini wako hajui kupika?"

"Unaona, Bibi?" Sauti ya ndani haikupanda. "Toka nizaliwe naulizwa maswali mawili: umekula, umesoma. Shuleni mwalimu ni mashine, ananiita namba kumi na nane. Nikitaka kushuka chini, jengo linamuuliza mama, na mama anakataa kabla halijamaliza kuuliza. Miaka kumi na mitano sijawahi kuugusa mlango kwa mkono wangu, ila leo, na leo nimeufunga. Kwenye kitabu msichana hupata mlango. Ukutani, chini ya kitanda, popote. Na upande wa pili kuna mtu anayemngoja. Hamuulizi amekula. Anamuuliza ameota nini."

Bi Kidawa akamtazama Mama Nasriya kwa jicho la pembeni. Yeye mwenyewe, enzi za usichana wake, alikuwa na vijitabu vya mapenzi chini ya godoro, vya karatasi halisi, vimeloa jasho la mikono ya wasichana kumi. Aliijua kiu ile.

"Na anaongeaje huyo mtu?" aliuliza taratibu. "Hebu nisomee, na mimi nionje."

Nasriya akasoma, na sauti yake ikabadilika, ikawa laini kama ya mtu anayeshika yai:

"'Nyamaza, mpenzi. Ukinyamaza ndipo ninapokusikia. Hata wakija wanawake mia wamevaa nguo moja, nitakujua kwa unavyoburuta mguu wa kushoto.'"

Bi Kidawa akashika ukuta.

Mguu wake wa kushoto aliuburuta tangu utotoni. Na maneno yale yalikuwa ya Hatibu.

Hatibu alikuwa mumewe, fundi wa lifti za mnara huu huu, mtu wa kucha zenye grisi. Alipofariki, nyumba ilikuwa kimya hata Bi Kidawa akawa anaisalimu redio. Ndipo walipokuja wakusanyaji mahaba, vijana watatu wenye adabu, mmoja wao msichana, na kinasa sauti. Walisema wanahifadhi lugha. Walikaa siku sita. Walikunywa kahawa yake, wakacheka vichekesho vyake, wakasema "enhe, halafu?", na kwa mtu kama Bi Kidawa hilo lilitosha. Akawapa kila neno tamu aliloambiwa katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa. Siku ya mwisho wakamvisha shanga-kimya, kitu kidogo cheupe shingoni, wakamweleza kwa upole kwamba maneno aliyowapa si yake tena. Akiyatamka, shanga itaigandisha sauti yake mwezi mzima. Haitauma, walisema.

Miaka mitatu alikuwa hajamnukuu mumewe hata kwa kunong'ona. Alizungumza kutwa nzima, lakini akilizunguka shimo hilo. Na hakujua yalikokwenda maneno yale mpaka leo.

"Nasriya," alisema. "Huyo si jini. Huyo ni mume wangu."

"Bibi, jamani."

"Hatibu, fundi lifti. Mwulize mamako, alimtengenezea feni."

"Alikuwa akikoroma mpaka kwangu," Mama Nasriya alisema, akaondoa mtandio usoni. "Bi Kidawa, unasema nini?"

Akawaeleza yote, wakusanyaji, kahawa, shanga. Alieleza kila kitu isipokuwa maneno yenyewe. "Hiyo ya wanawake mia aliisema sokoni, mdomo umejaa andazi. Akamaliza akaniuliza kama chai imebaki. Mashine imechukua maneno, chai imeiacha."

Ndani mtoto alicheka, kicheko kifupi kilichomponyoka. Lakini akajirudi upesi. "Watu wazima hamkosi hadithi mkitaka niache kitabu. Jana mama alisema bomba limepasuka."

"Nikuthibitishieje?"

"Sura ya saa kumi bado haijaandikwa. Hakuna mtu aliyeiona. Kama ni mume wako, niambie atakachosema kabla hajaniuliza kama nitakuja."

Mama Nasriya akamtazama Bi Kidawa. Bi Kidawa akaigusa shanga.

Alikuwa amewapa sentensi mia mbili na zaidi. Ipi? Akajifikiria yeye ndiye mashine, mchoyo, mwenye karamu mezani. Nyama nzuri ungeitoa lini? Mwisho, mgeni anapotaka kuinuka. Na katika siku zile sita kulikuwa na neno moja tu lililomfanya msichana mwenye kinasa sauti aweke kikombe chini na kulia. Ni hilo, au hakuna.

Na kama silo? Mwezi mzima bila sauti, na mtoto amekwenda. Mwezi wa kukaa kibarazani watu wakipita, wakipunga mkono, wakipita zao. Alikumbuka miezi ile ya redio.

"Saa kumi kasoro dakika nne," alisema Mama Nasriya, na sasa alikuwa amemshika mkono, kwa nguvu, kama mtu anayevushwa barabara. "Dada yangu. Kama huwezi, sitakulaumu."

Bi Kidawa akaweka midomo kwenye ufa wa mlango.

"Sikiliza vizuri, sitaweza kurudia," alisema. "Tulikuwa tumekwama ndani ya lifti, mimi na yeye, saa mbili nzima, giza. Nilikuwa nalia. Akanishika kichwa, akasema: 'Nimepanda lifti elfu na moja, Kidawa, na hakuna iliyonifikisha juu kama wewe.'"

Shanga ikawa baridi. Kweli, haikuuma. Ilikuwa kama mtu kapita nyumba nzima akizima taa, chumba baada ya chumba. Alijaribu kusema "basi", midomo ikacheza, hakikutoka kitu.

Wakangoja. Moshi wa ubani ulikuwa umebaki uzi mmoja.

Saa kumi kamili, ndani, Nasriya alianza kusoma kwa sauti. Alisoma lango la zumaridi likifunguka. Alisoma jini akipiga goti, mabawa yakitandazwa juu ya nyota. "'Nimepaa kwa mabawa elfu na moja,'" alisoma, "'na hakuna yaliyonifikisha...'"

Karatasi ikachakarika ndani.

"'...juu kama wewe,'" alimalizia, polepole. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, ya mtoto wa Tandale: "Bibi. Walitoa lifti wakatia mabawa?"

Bi Kidawa akagonga mlango mara moja, kwa kucha.

"Kwa nini hajibu? Mama, kwa nini Bibi hajibu?"

"Sauti yake imekwenda, mwanangu. Alijua itakwenda."

Kitabu nacho kilikuwa kimehisi mapigo yakipungua, kikaanza kuhangaika. Walimsikia Nasriya akikifuata, neno kwa neno, na kila neno likizidi kumshangaza. "Sasa anasema amepigwa mshale... Sasa analia damu... Sasa anasema ana pacha, mpole kuliko yeye... Ananiuliza nitakuja? Ananiuliza tena. Anauliza tu." "Mama, hanijui. Hajui hata kama nimeacha kusoma."

"Mimi najua," alisema Mama Nasriya. Alikuwa amepiga magoti kwenye kizingiti alichokuja kukifukiza. "Nasriya, umeota nini? Niambie. Sikuwahi kuuliza, niambie sasa hivi."

Likaja komeo, likikwaruza polepole chuma kwa chuma.

Mtoto aliyesimama mlangoni alikuwa amekonda, macho mekundu, nywele zimetimka. Karatasi ile ilikuwa imekunjwa kiganjani mwake, bado ikimulika katikati ya vidole. Hakuitupa. Aliiweka juu ya kabati la viatu, uso chini, kama mtu anayeweka kitu ambacho huenda akakirudia. Mamake akaliona hilo, akamkumbatia hivyo hivyo.

Nyuma yao mapazia ya chuma yalikuwa bado yameshuka. Bi Kidawa akarudi nyuma hatua moja, akajitengeneza kanga, akatafuta mahali pa kuketi ukutani mpaka wakaguzi waje. Ya ndani yalikuwa ya mama na mwanawe.

"Unakwenda wapi?" Mama Nasriya alimwita juu ya bega la bintiye. "Kuna wali wa nazi, kuna samaki. Nimepika siku nne, hakuna aliyekula. Pita."

Bi Kidawa akainua mikono, akafungua mdomo kusema lile neno ambalo kila mwanamke mwenye haya hulisema mara tatu kabla ya kukubali, kwamba asante, nimeshakula. Halikutoka.

Nasriya akamtazama midomo ikihangaika. Akasogeza viatu kando kwa mguu kumpisha, akamshika mkono.

"Leo huwezi kukataa, Bibi," alisema. "Ingia tule."