Chumvi ya Mama Victorine

Kila siku alipotoka shule kwa masista, Victorine hakupoteza muda. Alivua sare, akachukua kikapu cha baba yake na kushika njia ya hospitali ya wafanyakazi, hapo mjini Élisabethville, Kongo. Ulikuwa mwaka 1953, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Kikapuni mlikuwa na shati safi na sabuni tu, maana chakula cha nyumbani kilikatazwa. Lakini chini ya shati, mama yake alificha kifundo kidogo cha kitambaa.

"Muntu asikione," mama alimwonya, huku akinyonyesha mtoto. "Mupe baba yako mukononi."

Kilikuwa kifundo cha chumvi. Baba yake, Kalenga, fundi wa reli, alikuwa amelazwa wiki ya tatu kwa ugonjwa wa figo, na miguu imevimba. Chakula cha hospitali hakikuwa na chumvi hata chembe, jambo lililomkasirisha mama kwelikweli. Kwao kijijini Lukafu, mke akimpikia mumewe bila chumvi, majirani wote wanajua nyumbani kuna ugomvi. Basi nani angekubali mgonjwa wake alishwe ugomvi? Wala mama hakuelezwa sababu. Jamaa za wagonjwa waliingia saa kumi, wakatolewa saa kumi na moja, basi.

Alhamisi moja Victorine alimkuta muuguzi Casimir kando ya kitanda. Alikuwa mtu mrefu, koti lake jeupe limenyooshwa kwa pasi. Alibonyeza mguu wa Kalenga kwa kidole gumba, na shimo likabaki pale pale.

"Mambo gani haya?" alifoka. "Dawa anakunywa, chakula iko bila chumvi, na maji yanazidi mwilini! Docta amesema, kama Jumatatu uvimbe haujapungua, ataandika kwamba Kalenga hafai kazi tena."

Victorine alijua maana yake: nyumba yao ya kambi ya wafanyakazi itachukuliwa, nao watarudishwa kijijini na baba mgonjwa. Akimtazama baba, baba anatazama ukuta. Je, aseme, mama aaibike mbele ya watu? Au anyamaze, baba azidi kuvimba?

"Baba Casimir," alisema, "chumvi anakula. Ninaileta mimi." Akatoa kifundo, akakiweka mezani.

"Victorine!" Kalenga alishtuka.

"Aka! Munataka kumuua muntu wenu?" Casimir aliwaka.

"Hatukujua! Hakuna aliyetuambia. Mama anafikiri munamunyima."

Ulikuwa ukweli mtupu, nao ulimchoma Casimir.

"Kesho njoo na mama yako," alisema polepole. "Mwambie haji kugombezwa."

Mama alikuja na mtoto mgongoni na maneno makali mdomoni. Lakini Casimir alimpa kiti chake mwenyewe, akamwomba abonyeze mguu wa mumewe. "Chumvi inashika maji, mama. Figo zake zimechoka, haziwezi kuyatoa."

Mama aliona lile shimo, machozi yakamtoka. "Mungu wangu! Kumbe ni mimi?"

"Hapana. Ni mimi niliyenyamaza. Sasa nisaidie, maana wewe unamujua. Ale nini?"

Mama alifuta macho. "Nipe ruhusa nipike. Sombe ya majani ya muhogo na karanga, ndimu, pilipili kidogo. Chumvi, hata chembe hapana!"

"Nitaonja mwenyewe kila siku. Na wewe, Kalenga, unasemaje?"

Kalenga hakuwa ameulizwa kitu tangu alazwe. Alijiinua kitandani. "Mimi nitapima mguu kwa kamba kila asubuhi. Reli ninazipima kila siku, mguu wangu utanishinda?"

Victorine aliandika vipimo daftarini. Kufika Jumatatu, uvimbe ulikuwa umepungua upana wa vidole viwili. Docta alilisoma daftari mara mbili, akaweka kalamu chini na kuwapa mwezi mmoja. Mwezi huo ulipokwisha, aliandika: anarudi kazini.

Siku hiyo Casimir aliwakusanya jamaa za wagonjwa wote. "Tangu leo, mugonjwa akilazwa, ndugu yake ataketi nami siku ya kwanza. Mimi ninajua dawa, ninyi munajua muntu wenu, naye anajua mwili wake. Mkono mmoja haulei mwana. Na muige mutoto huyu: alisema kweli wakati kweli ilimuogopesha. Baba yake anatembea kwa sababu hiyo."

"Na huyu aliyeketi kwenye kiti cha munganga ni nani?" aliuliza mwanamke mmoja.

Mama alijiweka sawa kitini, akamshika Victorine mkono na kusema kwa sauti iliyofika mpaka kitanda cha mwisho:

"Mimi ni Mama Victorine. Haya, ulizeni juu ya figo!"