Jongoo wa Miguu Ishirini

Mmekaa? Tumekaa.
Masikio mmekuja nayo? Tumekuja nayo.
Basi sikilizeni.

Alikuwepo mtoto mmoja, jina lake Namkunda. Alikuwa na miaka sita, pengo moja, na sauti kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Shule yao ya chekechea ilikuwa mlimani. Haikuwa na viti vya wageni. Ilikuwa na mkeka mmoja tu, mrefu, mrefu, mrefu.

Siku hiyo bibi zao wote walikuwa wanakuja kuwasikiliza wakiimba.

"Namkunda," akasema Mwalimu Nakijwa, "leo wewe ndiye kiongozi. Utoeni mkeka stoo, mkautandike kwenye nyasi, kule nyuma ya tangi la maji. Bibi zenu wakifika, waukute."

Namkunda akatabasamu mpaka pengo lote likaonekana. Kisha akakumbuka siafu.

Kwenye nyasi zile kulikuwa na siafu. Mwaka jana bibi yake alikaa pale bila mkeka. Akakaa, akasimama. Akakaa, akasimama. Akacheza ngoma ambayo hakuna aliyeipiga.

"Leo bibi yangu haumwi," akasema Namkunda.

Mkeka ule ukikunjwa huwa mzito kama gogo. Kwa hiyo watoto huubeba ukiwa wazi, juu ya vichwa vyao. Wanakuwa kama jongoo. Mgongo mmoja, miguu ishirini.

Mbele kabisa akasimama Namkunda. Nyuma kabisa akasimama Kasimu, mdogo kuliko wote. Alivaa ndala za kaka yake. Kila ndala ingetosha miguu yake yote miwili.

"Mimi mbele, ninyi nyuma," akasema Namkunda. "Twende."

Akakimbia. Puku, puku, puku.

Nyuma, mkeka ukaanza kuteleza. Ukamtoka Kasimu. Ukamtoka Senyaeli, mbele yake. Ukawatoka wote.

Namkunda hakugeuka. Alidhani kiongozi hageuki.

Mkeka ukawa mzito. Kwaruu, kwaruu, kwaruu.
"Wamechoka upesi hawa," akawaza.

Akasikia, "Kwio, kwio, kwio."
"Acheni kulia huko nyuma," akasema Namkunda.

Akasikia, "Mee."
"Nani amesema mee?"

Namkunda akageuka.

Watoto hawakuwepo. Juu ya mkeka alikaa kuku na vifaranga sita, wametulia kama wageni wa heshima. Na mbuzi alikuwa anatafuna pembe ya mkeka. Nyam, nyam, nyam.

Mbali, mlangoni pa stoo, Senyaeli akaita, "Kiongozi, unamwongoza nani?"

Namkunda akajibu kwa sauti ndogo, "Kuku."

Wakacheka mpaka wakashika matumbo. Namkunda naye akataka kulia, lakini kifaranga kimoja kilimpanda mguuni, kikamtekenya. Akacheka kidogo.

Wenzake wakamfuata, kuku akashushwa. Mbuzi akafukuzwa, akaondoka na pembe ya mkeka mdomoni.

Chini ya mlima ikaonekana miavuli. Mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja wenye tobo. Bibi walikuwa wanakuja.

"Haraka," akasema Namkunda. "Mimi mbele, ninyi nyuma. Na leo mtanisikiliza."

Jongoo akasimama tena. Miguu ishirini.

"Kushoto," akapiga kelele Namkunda.

Chini ya mkeka kulikuwa na giza. Wengine walijua kushoto. Wengine hawakujua. Senyaeli alijua, ila alisahau ni mkono gani.

"Kulia. Hapana, kushoto. Si huko. Huko."

Jongoo akapinda. Akapinda zaidi. Akajikunja, kama jongoo wa kweli aliyeguswa na kijiti.

Pu. Namkunda akagongana na mtu.

"Kasimu?" akasema Namkunda. "Wewe si uko nyuma?"
"Niko nyuma," akasema Kasimu.
"Mbona uko mbele yangu?"
Kasimu akafikiri. "Labda wewe uko nyuma yangu."

Senyaeli akacheka mpaka akakaa chini. Jongoo mzima akakaa chini.

Lakini Namkunda hakucheka. Sasa alikuwa karibu na Kasimu, akamwona vizuri. Kasimu alikuwa na machozi mashavuni.

"Unalia nini, Kasimu?"
"Ndala zinanitoka. Nikizifuata, mkeka unaniacha. Nikiufuata mkeka, ndala zinaniacha."
"Mbona hukusema?"
"Nilisema. Ulikuwa unapiga kelele."

Namkunda akainama, akaziangalia zile ndala.

Kisha akauliza, "Bila ndala, unaweza kwendaje?"

Kasimu akavua ndala. Akamwonyesha. "Naenda hivi. Mguu huu, na mguu ule."

"Basi sote tutakwenda hivyo hivyo," akasema Namkunda. "Senyaeli, wewe una shingo ndefu na njia unaijua. Kaa mbele."
"Na wewe?"
"Mimi nitakaa nje, huku nyuma na Kasimu. Nataka kuona miguu yote."

Namkunda akavaa ndala za Kasimu mikononi. Akazigonganisha. Pa, pa.

Mguu huu, na mguu ule. Pa, pa.
Mguu huu, na mguu ule. Pa, pa.

Jongoo akatembea. Hakupinda. Hakujikunja.

"Jiwe linakuja, Senyaeli," akasema Namkunda. Jongoo akalizunguka.
"Mbuzi anarudi," akasema Namkunda. Jongoo akakaza mwendo kidogo, kidogo tu.

Mguu huu, na mguu ule. Pa, pa.

Wakalipita tangi la maji. Wakafika kwenye nyasi. Wakautandika mkeka. Tandaa. Siafu wakabaki chini yake, wamenuna.

Hapo hapo miavuli ikafika.

Bibi yake Namkunda akaangalia mkeka. Akaangalia mahali palipokuwa na pembe.

"Huu umeliwa na nani?" akauliza.
"Na mbuzi, bibi," akasema Senyaeli.
"Na kiongozi wenu alikuwa wapi?"
Namkunda akainama. "Nilikuwa mbele, bibi. Mbele sana."

Bibi akacheka, hi hi hi, mpaka mwavuli ukatikisika. Kisha akakaa.

Watoto wakasubiri. Bibi hakusimama. Akanyoosha miguu, akasema, "Haya, wajukuu zangu, imbeni."

Wakaimba. Kasimu aliimba wimbo tofauti na wenzake. Wote wakageuka, wakauimba wimbo wake.

Jioni, Namkunda alilala na mdogo wake Elisa kwenye kitanda kimoja. Mama akakaa pembeni.

"Nasikia leo uliongoza," akasema Mama. "Ulikuwa mbele?"
"Mwanzoni. Halafu nikaenda nyuma."
"Na huko nyuma ulimwona nani?"
"Niliwaona wote," akasema Namkunda, akapiga miayo.

Mama akapunguza taa, akatoka.

Shuka lilikuwa fupi. Ukilivuta juu, vidole vya miguu vinatoka nje. Namkunda akampapasa Elisa. Miguu ya Elisa ilikuwa baridi.

Namkunda akalivuta shuka upande wa Elisa. Vidole vyake yeye vikabaki nje, vyote kumi.

Akavichezesha kidogo. Akasinzia.

Hadithi imefumba macho. Na wewe fumba yako.